Kuvuka Noeli na Bonane ukiwa askari wa zamani: mwongozo kutoka Lubumbashi

Kwa raia, Noeli ni siku moja na Bonane, yaani mwaka mpya, ni siku nyingine. Kwa mtu aliyeacha jeshi huo ni msimu mzima. Unaanza pale wachuuzi wa soko la Kenya, hapa hapa mjini, wanapotundika nguo za watoto hadi barabarani, na hauishi mpaka tarehe 17 Januari ipite. Ndani yake kuna milio, kuna pesa ambayo haipo, na kuna majina ya watu ambao wewe peke yako kwenye parsele (uwanja wa nyumba) unawakumbuka. Halafu watu wanakuuliza kwa nini hucheki.

Ninawaandikia wazee wa ex-FAZ, jeshi la Mobutu, waliokuwapo Kolwezi ilipowaka mwaka 1978, kadogo (watoto-askari) wa 1996 ambao leo wengi wamefika miaka arobaini, na vijana wa FARDC, jeshi la sasa, waliorudi kutoka Kivu na Ituri bila mkono, bila mguu, au na viungo vyote ila usingizi. Ninawaandikia pia akina mama wanaoishi nao. Jeshini tulifundishwa kuvumilia na kunyamaza, na msimu huu ndipo mafunzo hayo yanapotugeuka. Mengi yanayolipuka nyumbani usiku wa tarehe 31 Desemba yangeweza kusemwa mwanzoni mwa mwezi, kwa sauti ya kawaida, mbele ya sahani ya bukari (ugali).

Jambo moja kabla ya hatua zenyewe. Kushtuka si woga, na kukosa usingizi si kurogwa. Mwili uliokaa vitani ulijifunza kusikia hatari kabla ya akili kufikiri, na kazi hiyo ndiyo iliyokurudisha hai. Shida ni kwamba haujui kuwa vita vimekwisha. Moyo unakimbia, misuli inakaza, macho yanatafuta mlango, yote hayo kwa sababu mtoto wa jirani ametupa petadi (fataki). Madaktari waliupa ugonjwa huu jina rasmi mwaka 1980, baada ya Marekani kuwaona askari wake waliotoka Vietnam wakiteseka miaka mingi nyumbani kwao. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilikadiria mwaka 2019 kwamba katika sehemu zilizopita kwenye vita ndani ya miaka kumi iliyotangulia, mtu 1 kati ya 5 ana tatizo fulani la afya ya akili. Hauko peke yako kwenye avenue yako. Walio kama wewe wamenyamaza tu.

Hatua ya kwanza: chora kalenda yako mwanzoni mwa Desemba

Chukua karatasi ya daftari la mtoto. Andika tarehe kuanzia Desemba 1 hadi Januari 17. Weka alama kwanza kwenye siku za wote: Noeli, Bonane, tarehe 4 Januari ya mashahidi wa uhuru waliokufa Leopoldville mwaka 1959, tarehe 16 Januari alipouawa Mzee Laurent-Désiré Kabila mwaka 2001, na tarehe 17 ya Lumumba, ambaye mwaka 1961 aliletwa hapa hapa kwetu, wakati huo ukiitwa Élisabethville, akauawa usiku huo pamoja na wenzake Mpolo na Okito. Siku hizi redio na televisheni hurudia habari za vifo, na picha za askari huonyeshwa tangu asubuhi. Kama zinakuchafua roho, zima. Hakuna sheria inayokulazimisha kutazama.

Halafu weka alama zako. Aliyekuwa Pweto mji ulipoanguka Desemba 2000, akavuka na wenzake kuingia Zambia, anajua Desemba ina harufu gani. Aliyepelekwa Haut-Uélé baada ya waasi wa LRA kuua watu wakati wa Noeli ya 2008 hawezi kusikia nyimbo za Noeli kama jirani yake anavyozisikia. Aliyekuwa Goma mji ulipotekwa mwishoni mwa Januari 2025 atakuwa na kalenda ndefu kuliko yangu. Mara nyingi mwili huikumbuka tarehe kabla yako: unakuwa mkali juma zima bila sababu, ndipo unagundua siku inayokuja ni ya nani.

Pembeni ya kila tarehe nzito andika mambo mawili tu: utakuwa wapi, na utakuwa na nani. Siku hizo usizipangie madeni, kikao cha ukoo, wala safari ya Kasumbalesa mpakani ya kwenda na kurudi na foleni za malori.

Hatua ya pili: pesa, kabla pesa haijaanza ugomvi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimewasikiliza wenzangu wengi, na anayesema kinachomuumiza zaidi ni milio ya bunduki ni mmoja mmoja. Wengi wanasema ni mikono mitupu. Huku kwetu baba hupimwa Desemba. Watoto wanataka nguo mpya za Noeli, na wengine wanataka nyingine za Bonane. Kuku anapanda bei, mchele na mafuta vinafuata, dola inapanda, na wewe mshahara umechelewa, au pensheni haijawahi kufika, au kazi ya ulinzi wa usiku inakulipa kidogo. Basi unafanya wanavyofanya wengi: tarehe 24 asubuhi unatoka nyumbani bila kuaga na kurudi tarehe 26.

Watoto hawatakumbuka nguo zilikuwa za rangi gani. Kwamba baba hakuwapo watakumbuka. Kwa hiyo fanya hivi.

Kabla ya tarehe 10, kaa na mama watoto. Usisubiri akuulize. Anza na Januari, si Desemba: ada ya shule ya muhula wa pili, kodi ya nyumba, unga wa mwezi, dawa kama kuna anayekunywa dawa. Toa hizo kwanza, ziweke mahali ambapo hata wewe hutazifikia kwa urahisi. Kinachobaki ndicho sikukuu, hata kama ni kuku mmoja na sombe (kisamvu). Kama mna likelemba (upatu), omba zamu yenu iangukie Desemba, lakini omba mapema, Agosti au Septemba, maana kila mtu anaitaka.

Nguo: mtoto mmoja, nguo moja, na mitumba iliyooshwa na kupigwa pasi ni nguo mpya. Ununuzi ufanywe mapema, siku ya kazi asubuhi. Kuingia soko la Kenya tarehe 23 Desemba ni kubanwa na watu mbele na nyuma, makelele pande zote na mikono mifukoni. Kwa mtu mwenye masikio kama yetu hiyo si safari ya kununua soksi. Kama haiwezekani kuepuka, aende mama, wewe baki na watoto.

Kisha waambie watoto wewe mwenyewe, ukiwa umeketi: "Mwaka huu tutakula pamoja, nguo ni moja moja, na mimi nitakuwa hapa." Ndugu watakaokuja kutoka Likasi au Kipushi nao waambiwe idadi mnayoweza kuwalaza. Shemeji akinuna, anune Desemba 10. Atakuwa amepoa kufikia Noeli.

Hatua ya tatu: mwambie mtu mmoja

Mmoja anatosha. Anaweza kuwa mke, dada mkubwa, promo wako (mliyefunzwa jeshi pamoja), au mzee wa kanisa anayejua kufunga mdomo. Usimweleze vita vyote. Mpe mambo matatu: nini kinakushtua, utafanya nini kikitokea, na yeye afanye nini.

Kwa mfano: "Mama watoto, wakipiga petadi karibu nitatoka nje dakika chache. Sijakasirika. Usinifuate na usiwaambie wageni kwamba mimi ni mgonjwa. Waambie nimeenda kuangalia maji." Sentensi kama hizo zimeokoa chakula cha Noeli kwenye nyumba kadhaa ninazozijua.

Usiku una kanuni zake. Mtu anayeota vita asitikiswe wala asishikwe bega. Atapiga kabla hajaamka, na atakayepigwa ni mke au mtoto. Simama upande wa miguu, mbali na mikono yake, umwite kwa jina, na jina la nyumbani ni bora kuliko cheo. Washa tochi ukiielekeza ukutani, kwa sababu umeme wa SNEL, shirika la umeme, haungoji ndoto ya mtu. Akiamka mwambie yuko wapi na ni siku gani. Maswali yasubiri asubuhi. Watoto nao wafundishwe: baba akilala, haamshwi kwa mchezo.

Hatua ya nne: milio na msongamano

Desemba ya Katanga ni katikati ya mvua, kwa hiyo petadi zina mwenzao. Radi inapasuka juu ya mabati, transfoma ya avenue inalipuka, jenereta ya nganda (baa) inakohoa usiku kucha. Na saa sita ya usiku wa Bonane kuna wenye bunduki wanaopiga juu, ingawa wanajua risasi inayopanda lazima ishuke mahali. Kwa sababu hiyo peke yake, usiku huo kaeni ndani, chini ya dari, si uani.

Mlio unaoungojea hauumizi kama ule usioungojea. Nenda kwa vijana wa jirani mapema na kwa heshima. Usiwatishe. Waambie: "Wanangu, nilikuwa jeshini, milio inanisumbua. Mkitaka kupiga, nipigieni kelele kwanza, na msipige karibu na dirisha langu." Wengi watakubali, na wengine wataona fahari kwamba mzee amewaamini. Wale wachache wasiokubali, mama zao unawajua.

Kanisani kaa nyuma, karibu na mlango, mgongo ukiwa ukutani. Misa ya mkesha wa tarehe 24 ndiyo inayojaa. Ya mchana wa 25 ni tulivu zaidi na Mtoto Yesu ni yule yule. Ukialikwa kwenye sherehe, fika mapema ukachague kiti, na uwe na nauli ya kurudi mfukoni ambayo haitanunua bia. Kuondoka baada ya saa moja si kumtukana mwenyeji, mradi umemwambia ulipofika.

Mshtuko ukikupata hata hivyo: simama. Kanyaga chini kwa nguvu, sikia ardhi. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe polepole kwa mdomo ukihesabu hadi sita. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, maana ndiko kunakotuliza moyo. Rudia kwa dakika chache. Kisha taja kwa sauti ndogo vitu vitano unavyoviona: ndoo, mlango wa bluu, mwembe, sufuria, mtoto wa jirani. Inaonekana kama mchezo wa shule ya chekechea, najua, lakini akili inayotaja ndoo haiwezi wakati huo huo kuwa porini. Zoezi hili lijaribiwe siku za utulivu, kama tulivyofungua na kufunga bunduki gizani kabla ya kuihitaji. Redio ya sauti ya chini chumbani inasaidia pia kuficha milio ya mbali.

Hatua ya tano: pombe, lutuku na vidonge

Sitahubiri. Chupa ya Simba na samaki wa kukaanga kwenye sikukuu si dhambi. Shida ni pombe inayonywewa kama dawa ya usingizi. Inakulaza haraka, halafu katikati ya usiku inakuamsha, na ndoto zinazorudi nusu ya pili ya usiku ni mbaya zaidi. Lutuku, pombe kali ya kienyeji, ni hatari ya ziada kwa sababu hakuna anayejua nguvu yake wala kilichomo.

Panga idadi kabla ya kutoka, kula kwanza, anza na munkoyo (kinywaji cha mahindi), rudi kabla ya giza. Tarehe uliyoiandika kwenye kalenda kwa sababu ya mtu aliyekufa, siku hiyo usinywe kabisa.

Kuhusu vidonge nitasema wazi. Valium na Tramadol zinazouzwa mojamoja bila karatasi ya daktari hazichanganywi na pombe. Pombe na Valium, au pombe na Tramadol, vinaweza kuzima pumzi ya mtu akiwa amelala, na asubuhi watu wanasema amekufa kwa uchovu wa sikukuu. Na wewe ambaye umekuwa ukinywa sana kila siku kwa muda mrefu, usiache ghafla peke yako kwa sababu mchungaji ameomba ushuhuda wa mwisho wa mwaka. Mikono itatetemeka, unaweza kupata kifafa, na watu hufa hivyo. Nenda hospitali uachishwe taratibu.

Hatua ya sita: wape wafu saa yao

Wenzetu waliobaki huko wanakuja msimu huu hata tusipowaita. Wanakuja wakati wa chakula, hasa: unainua kijiko na unakumbuka aliyekula nawe biskuti za jeshi. Ndipo linakuja lile swali la kwa nini mimi. Ukilifukuza mezani, linarudi usiku.

Njia niliyoiona ikifanya kazi ni kulipatia swali hilo nafasi maalumu. Wakatoliki wanaweza kuomba nia ya misa parokiani na majina yakasomwa. Waprotestanti na Waislamu wana sala na dua zao. Wengine wamechagua tarehe 4 Januari, kwa kuwa taifa zima linakumbuka siku hiyo na hakuna atakayekuuliza kwa nini uko kimya. Mnakutana wawili au watatu mliokuwa pamoja, mchana, bila pombe. Mnataja majina, mnasimulia pia yale ya kuchekesha, kisha kila mmoja anarudi nyumbani kwa saa iliyopangwa.

Kama mjane wa mwenzako anaishi mjini, pengine katika Katuba au Ruashi, baada ya kutolewa kwenye nyumba za kambi, mpelekee kilo chache za unga na sabuni kabla ya Noeli. Nenda na mkeo au na mwenzako mwingine, kwa sababu majirani wana midomo. Kaa nusu saa. Watoto wake wakitaka kusikia habari za baba yao, chagua hadithi moja ambayo wanaweza kulala nayo.

Kuna mzigo mwingine ambao hauzungumzwi kwa mjane wala kwa mke: yale tuliyoyafanya wenyewe. Kadogo waliopewa bunduki wakiwa watoto wanabeba huo zaidi ya wote, na sikukuu ya watoto inawachoma mahali ambapo sisi wengine hatupajui, maana Noeli zao za utotoni zilipita porini. Padri au mchungaji mwenye hekima anaweza kusikiliza. Wapo pia wataalamu wa njia ya kusimulia maisha yote kwa mpangilio, kipande kwa kipande, yaliyo mabaya na yaliyo mema, hadi kumbukumbu ikae mahali pake. Njia hiyo ilijaribiwa na waliokuwa wapiganaji Kivu Kaskazini na iliwapunguzia dalili. Ila haianzwi tarehe 30 Desemba kwenye meza ya nganda. Ianze kwa mtaalamu, mwezi uliotulia.

Hatua ya saba: silaha

Kama kuna bunduki au guruneti nyumbani, iliyozikwa au iliyofichwa darini, itoke kabla ya Noeli. Pitia kwa ofisa unayemwamini au kwa padri wa parokia atakayekusindikiza kuikabidhi. Huzuni, pombe na silaha havilali chumba kimoja.

Hatua ya nane: lini uende kwa daktari

Usingoje sikukuu ziishe kama umekaa siku nyingi bila kulala, kama umempiga mtu wa nyumbani, kama unasikia sauti, au kama wazo la kufa linakujia mara kwa mara. Na wewe ndugu yake, ukiona amenyamaza, anagawa vitu vyake, anaaga bila safari, muulize waziwazi: "Yaya, kaka yangu, unafikiria kujiua?" Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo kichwani. Kunampa mlango. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake hata chooni, ondoeni kamba, dawa za panya na vidonge, na mmpeleke usiku huo huo.

Lubumbashi tuna kituo cha Joseph Guislain cha magonjwa ya akili, chenye jina la daktari Mbelgiji wa karne ya 19 aliyepigania wagonjwa wafunguliwe minyororo. Wenzetu walioko Bukavu wana SOSAME, na wa Goma wana Tulizo Letu. Watu huita mahali hapo nyumba ya vichaa, na wanaume wazima waliovuka mito chini ya risasi wanaogopa kuonekana langoni. Nenda asubuhi mapema, raia wengi bado wamelala. Kwenye vyumba vya maombi mwombewe kadiri mnavyotaka, lakini anayewaambia mtupe dawa za daktari ili kuonyesha imani, huyo ondokeni kwake.

Mtakapoenda, mgonjwa asiende peke yake. Aende na mtu anayelala nyumba moja naye, kwa sababu yeye ndiye anayejua ya usiku. Bebeni vidonge vyote anavyomeza, hata vile vya kununua barabarani, vikiwa ndani ya mfuko mmoja. Semeni kiasi cha pombe bila kupunguza. Semeni miaka aliyokuwa jeshini, na kama aliwahi kupigwa kichwani au kurushwa na mlipuko, kwa maana jeraha la ubongo huleta hasira na usahaulifu unaofanana na huu na matibabu yake ni mengine. Ulizeni dawa zitagharimu kiasi gani kwa mwezi kabla hamjatoka langoni, na kama bei haiwezekani, mwambieni daktari hapo hapo, ili aandike nyingine mnayoweza kuinunua pia Februari na Machi.